Ras Mtondoo: jinsi ya kujenga mji wa bandari na reli yake juu ya plaiwudi moja

Ras Mtondoo huwezi kuupata kwenye ramani yoyote, usihangaike kutafuta. Ni mji nilioutunga mwenyewe, uko kusini ya Tanga kabla hujafika Pangani, una gati moja, stesheni moja, maghala matatu na reli inayokuja mpaka ukingoni mwa maji. Reli ya kweli haikuwahi kufika Pangani, ilianza kujengwa pale Tanga 1893 ikapanda bara, Korogwe 1902, Mombo 1905, Pangani ikabaki na majahazi yake. Mi nimeamua tu kwamba kwenye dunia yangu kuna tawi lilikata kona likaja pwani, mwaka ni 1962, katani ina bei na winchi ya gatini haijakauka grisi. Ndo raha ya mji wa kutunga, hakuna mzee atakuja kukwambia mbona msikiti ulikuwa upande ule mwingine.

Watu wengi wakitaka kujenga reli ndogo wanaanza na treni. Wananunua kichwa kizuri, wanatandika reli duara, treni inazunguka, jioni ya pili imeshawachosha. Kwa bandari usianze na treni, anza na mzigo. Ukishajua nini kinaingia, nini kinatoka na nani anakibeba, reli zitajipanga zenyewe na nyumba zitajua zikae wapi.

Hatua ya 1: Andika mzigo

Chukua karatasi, sio kompyuta. Andika kinachoshuka kutoka bara na kinachopanda kutoka baharini. Ras Mtondoo inashusha marobota ya katani, mbata na mbao. Inapandisha saruji, mafuta ya taa, majora ya kitambaa na magunia ya mchele. Sasa jiulize kila kimoja kinalala wapi usiku: katani na mbata godauni namba 1 kwa sababu haitakiwi inyeshewe, mafuta ya taa yakae mbali na katani (we unajua kwa nini), mbao uwanjani pa wazi. Kwa hiyo tayari una sehemu tatu ambazo behewa lazima lifike, na bado hujanunua kitu.

Alafu swali la meli. Usijenge meli kubwa. Itakula meza yote na itabaki imesimama hapohapo miaka. Tanga kwa miaka mingi meli kubwa zilikuwa zinatia nanga nje, mizigo inavushwa kwa matishari, basi na sisi tufanye hivohivo: meli ichorwe kwa mbali kwenye ubao wa nyuma, gatini kuwe na tishari moja na majahazi mawili matatu. Hela imeokolewa, historia imeheshimiwa.

Hatua ya 2: Kipimo, na hapa nina ujanja

Kipimo kinachopatikana kirahisi duniani ni HO, yaani 1:87, reli zake zina upana wa mm 16.5. Hiyo mm 16.5 ukizidisha mara 87 unapata mm 1435, ambayo ni reli pana ya kawaida, kama SGR ya leo. Lakini reli yetu ya zamani ni ya mita moja. Ukitaka usahihi kwa 1:87 inabidi ununue reli ya mm 12, ipo lakini ni ghali na sio kila muuzaji anayo.

Sasa fanya hesabu kwa upande mwingine. Tumia reli ileile ya mm 16.5, lakini majengo, watu na mabodi ya mabehewa vyote jenga kwa 1:64. Mara 64 unapata mm 1056, karibu kabisa na mita. Na kitu kilichonifanya nicheke peke yangu dukani ni kwamba vigari vidogo vya chuma vya watoto, vile vinavyouzwa mitaani na kwenye supamaketi, vingi viko karibu na 1:64. Yaani malori na Land Rover za mji wako zimeshatengenezwa, zinakusubiri kwenye ndoo ya plastiki pembeni ya pipi. Nunua zenye sura ya zamani, zisugue msasa kidogo, zipake vumbi.

Shika namba hizi kichwani: mtu wa mita 1.70 anakuwa mm 27 hivi, mlango wa mita 2 unakuwa mm 31. Ukikosea mlango mji mzima unaonekana wa wanasesere.

Hatua ya 3: Meza

Plaiwudi moja ni futi 4 kwa 8. Mwambie fundi aipasue katikati kwa urefu, unapata vipande viwili vya mita 2.44 kwa sentimita 61. Kimoja ni mji, cha pili ni akiba ya siku ukipagawa ukataka kuongeza. Unene chukua mm 12, mm 9 inapinda. Chini piga fremu ya mbao mbili kwa moja, na upake rangi pande zote mbili pamoja na kingo, kwa sababu ukanda wa pwani unyevu unaingia kila mahali na mbao ikivimba reli zinanyanyuka mgongo kama paka. Urefu kutoka sakafuni weka mita 1.1 au zaidi kidogo, macho yakiwa karibu na usawa wa gati ndo mji unakuwa mji, ukiangalia kutoka juu unakuwa kama uko kwenye helikopta.

Mchwa sitauongelea, kila mtu anajua vita vyake.

Juu ya plaiwudi gundisha foamu nyeupe ile ya kwenye maboksi ya friji na TV, unene sentimita 6, lakini sehemu ya nchi kavu tu. Sehemu ya bahari iache plaiwudi tupu. Kwa hiyo bahari iko chini, nchi iko juu, na ukuta kati yao ni gati yako. Kwa nini sentimita 6? Pwani yetu maji ya bamvua yanapanda na kushuka mita 3 na ushee, kwa 1:64 hiyo ni kama sentimita 5. Gati ambayo maji yamekaribia kuiramba juu muda wote ni gati ya ziwa, sio ya Bahari ya Hindi.

Tahadhari moja ya uchungu: foamu hiyo usiipulizie rangi ya kopo na usiiwekee gundi yenye harufu kali. Mi nilipuliza rangi ya udongo kilima kizuri nilichokichonga siku mbili, nikaenda kunywa chai, narudi kilima kimeliwa, kimebaki shimo lenye utandu kama wa buibui. Tumia gundi nyeupe ya mbao na rangi ya maji, basi.

Hatua ya 4: Reli tatu zinatosha

Kuna mpango unaoitwa Inglenook, wa Muingereza Alan Wright, na kwa bandari ndogo sijaona unaoushinda. Una njia tatu za kuegesha: ya kwanza inaingia mabehewa 5, ya pili 3, ya tatu 3. Zinaungana kwa pointi mbili (pointi ni pale reli inapogawanyika) na kuishia kwenye kipande kimoja cha reli kinachotosha kichwa na mabehewa 3 tu. Una mabehewa 8 jumla. Kazi yako ni kutoa mabehewa 5 kwa mpangilio uliotajwa, moja baada ya jingine, bila kunyanyua kitu kwa mkono.

Unaonekana mchezo wa mtoto. Basi hesabu: 8 mara 7 mara 6 mara 5 mara 4, mipangilio 6,720. Na ukijaribu utagundua kila ukitaka behewa moja lazima usumbue mengine matatu, ambayo ndo kazi halisi ya mtu wa shanta (kupanga mabehewa) bandarini.

Vipimo: behewa dogo la magurudumu manne ni kama sentimita 9. Njia ndefu 46, fupi 28 kila moja, kipande cha kichwa 42, pointi mbili kama 17 kila moja. Ukiweka nafasi ya kupumua unatumia mita 1.35 hivi, sehemu iliyobaki ni ya stesheni, nyumba na njia inayopotea nyuma ya mbuyu kwenda bara. Njia ya mabehewa 5 ndo iwe ya gatini, moja ya fupi ipite mbele ya magodauni, nyingine iende kwenye mafuta ya taa. Tayari, kila reli ina sababu.

Hatua ya 5: Tengeneza ukuta wa gati na bahari kabla ya reli

Wengi wanamalizia na maji, alafu wanamwaga vanishi juu ya reli. Anza na maji.

Ukuta wa gati: paka juu ya foamu tabaka la jipsam laini, ikianza kukauka chora mawe kwa msumari. Usichore kama tofali. Gati za zamani ni mawe ya matumbawe, hayalingani. Ikikauka paka rangi ya maziwa yaliyoungua, alafu chora mistari ya maji kutoka chini kwenda juu: chini kabisa nyeusi yenye kijani, utelezi ule, katikati mkanda wa kijivu wenye madoa meupe ya chaza, juu rangi ya jiwe kavu. Mistari hiyo iwe imenyooka kabisa sambamba na maji, hata kama mawe yamekaa ovyo, kwa sababu maji ndo yameipima. Hapo tu mtu anayejua pwani atasimama aangalie.

Mi nimechagua maji ya kupwa. Upande wa kushoto maji yapo, upande wa kulia kuna tope, mizizi ya mikoko na mashua imeegama ubavu inasubiri. Tope ni jipsam iliyochanganywa na rangi ya kahawia na gundi, inakokotwa kwa kidole chenye maji.

Maji yenyewe: paka plaiwudi rangi, karibu na ufukwe kahawia ya mchanga, kidogo mbele kijani, mbali bluu iliyokolea, rangi ziingiliane zikiwa mbichi usione mstari. Alafu chukua tishu, ile nyeupe ya chooni ya tabaka moja, itandaze, ipige kwa brashi yenye gundi nyeupe na maji nusu kwa nusu. Tishu inajikunja yenyewe inakuwa vimawimbi, we unaisukuma tu kidogo kwa brashi upande upepo unapovuma, na upepo ukishaamua ni kusi au kaskazi usibadilishe katikati. Ikikauka rudia rangi, alafu vanishi ya kung'aa tabaka nne au tano nyembamba, kila moja siku yake. Vanishi iwe ya maji. Ya mafuta inaanza vizuri, baada ya muda bahari inakuwa rangi ya chai ya tangawizi. Resini ya kumwaga ni nzuri ila ghali, inatafuta kila tundu ivujie, na kwa bandari tulivu huihitaji.

Hatua ya 6: Reli na umeme

Chini ya reli gundisha ukanda wa hadibodi juu ya foamu, maana foamu peke yake inabonyea. Tandika reli, na kila zinapoungana acha uwazi kidogo. Kipimo changu ni kadi ya benki, unene wake ni mm 0.76, ikipita inatosha. Kona usiibane, treni ya bandari haina haraka lakini behewa likiacha reli kwenye kona linakera.

Umeme ni volti 12 za mkondo mnyoofu. Kontrola (kile kiboksi cha kuongozea mwendo wa treni) inachomekwa ukutani, chini ya meza zishuke waya za volti 12 tu, ule wa 230 usiulete kabisa chini ya plaiwudi. Peleka jozi ya waya kwa kila njia, usitegemee viungio vya reli kupitisha umeme, kwenye chumvi ya pwani viungio vinafa taratibu na utamlaumu kichwa bure. Waya mwekundu reli ya mbele, mweusi ya nyuma, kote, bila kusahau hata sehemu moja, ukigeuza ni shoti. Kama kulehemu kwa risasi kunakushinda, fundi redio yeyote wa mtaani atakufanyia kwa nusu saa, na atabaki kuangalia kuliko ulivyotegemea.

Sasa mchanga. Kati ya mataruma (vile vipande vinavyolaliwa na reli) unahitaji kokoto ndogo, na unaishi karibu na ufukwe, unafikiri jibu liko mlangoni. Mi nilichota mfuko, nikachekecha, nikamwaga, nikagundisha, picha safi. Wiki ya tatu kichwa kikaanza kulia kama kinatafuna, kukifungua nikakuta sumaku ya mota imeota manyoya meusi. Mchanga wa bahari una chembe nyeusi za chuma, sumaku inazinyonya kutoka chini. Na chumvi yake inavuta unyevu mpaka reli zikapata ukungu. Nilibandua yote kwa kisu. Kwa hiyo chukua mchanga wa mto, au kama ni wa bahari uoshe maji baridi mara tano sita, ukaushe, alafu upitishie sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, rudia mpaka mfuko utoke msafi.

Kumwagia: sambaza mkavu, nyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo, alafu gundi nusu kwa nusu kwa bomba la sindano. Kwenye pointi usiguse ndimi zinazotembea.

Gatini reli huwa zimezama kwenye sakafu. Jaza jipsam mpaka chini kidogo ya uso wa juu wa reli, ikiwa bado laini pitisha behewa bovu mara nyingi magurudumu yachimbe njia yake, acha kama mm 2 ndani ya kila reli. Futa juu ya reli kabla haijakauka. Sio kesho, hapohapo.

Hatua ya 7: Nyumba

Mji wa pwani una nyumba za aina mbili, za mawe na za mabati. Za mawe jenga kwa kadibodi nene, majalada ya mafaili ya ofisini ni mazuri sana, alafu paka jipsam nyembamba yenye makunyanzi. Siri ni upana wa vyumba. Dari za nyumba zile zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiendi mbali, mita 2.8 hivi, ndo maana vyumba vya kizamani ni virefu na vyembamba. Kwa 1:64 ni sentimita 4.4. Ukifuata hilo nyumba zako zitakuwa na umbo la kweli hata kabla hujaweka mlango.

Godauni ni la mabati. Kadibodi ya maboksi mawimbi yake ni makubwa mno, paa linaonekana la vigae. Bati la kweli kutoka wimbi hadi wimbi ni karibu mm 76, kwako ni mm 1.2. Sasa nenda kwa muuza spea mwombe bolti refu la spana namba 13, lile la mm 8, nyuzi zake zina nafasi ya mm 1.25. Kata sinia za foili za chakula, weka juu ya soli ya kandambili, biringisha bolti kwa kukandamiza. Bati hilo limetoka. Kata vipande vya sentimita 4 kwa 1.2, bandika kuanzia chini kwenda juu kama mabati yanavyolaliana, vichache vipake kutu, kimoja kipinde pembe. Nilitumia jioni nne kwa paa moja na sijutii hata moja.

Mlango wa nakshi usijaribu kuchonga. Piga picha mlango, ipunguze, ichapishe, bandika juu ya kadi, weka vichwa vya pini vitatu vinne. Kwa mm 31 jicho linamalizia lenyewe.

Hatua ya 8: Minazi, majahazi, watu

Kosa la wote ni mnazi mfupi. Mnazi mkubwa ni mita 15 mpaka 20, kwako ni sentimita 23 hadi 31, yaani unaangalia chini paa la godauni. Shina ni waya uliosokotwa na kuviringishwa uzi wa katani wenye gundi, upinde kidogo kuelekea baharini. Makuti ni manyoya ya kuku, yakate kwa mkasi mshazari, yapake kijani, mawili ya chini yawe kahawia yamelegea.

Marobota ya katani: vipande vya mbao mm 18 kwa 11 kwa 10, paka gundi, viringisha kwenye katani iliyochambuliwa kutoka kamba ya dukani. Ni katani ya kweli kwenye robota la uongo, na inang'aa vilevile. Robota moja la kweli ni kilo 250, kwa hiyo usimweke mchukuzi mmoja kalibeba begani kama mkate, weka watu wanne na kitoroli.

Jahazi la mita 16 linakuwa sentimita 25, chonga mbao laini, kata tumbo usawa wa maji, isipokuwa lile la kwenye tope. Tanga liwe kitambaa cha kanzu iliyochakaa, kiloweke kwenye chai ya rangi. Likiwa gatini tanga lifungwe kwenye foromali (mti unaobeba tanga), nimeona modeli za watu jahazi limefungwa kamba huku tanga limejaa upepo, nahodha gani huyo.

Hatua ya 9: Kichwa na mabehewa

Nunua kichwa kidogo cha shanta cha HO au OO (nayo inatembea kwenye reli ya mm 16.5) kilichotumika, magurudumu sita, kinachotembea taratibu bila kushtukashtuka. Mwili wake ondoa, jenga kibanda kikubwa zaidi cha kadi kwa 1:64. Rangi ni damu ya mzee, ndo vichwa vya mvuke vya East African Railways and Harbours vilivyojulikana nayo. Najua roho inataka Garratt ya daraja la 59, lile jichwa kubwa la mvuke. Nami niliitaka. Ila ile ya kweli ina urefu wa karibu mita 32, kwako ni nusu mita kamili, haiingii kwenye kipande chako cha sentimita 42 hata ikisali. Ukiwa na hamu nenda Nairobi kwenye makumbusho ya reli ukaishike kwa mkono.

Mabehewa ni bodi za kadi juu ya chasisi ndogo. Ongeza uzito, nati mbili ndani ya kila moja, jepesi linaruka kwenye pointi.

Hatua ya 10: Fanya kazi

Andika kadi 8, kila moja na jina la behewa na mzigo wake. Changanya, toa tano: hiyo ndo treni ya leo kwa mpangilio huo. Mwanangu anakaa upande wa bahari ndo karani wa gati, mi upande wa mji ndo dereva, na nikigusa behewa kwa kidole ananikata shilingi mia.

Kila wiki futa reli kwa spiriti na kipande cha fulana, ukimaliza funika mji wote kwa kanga kuukuu, vumbi na chumvi havilali. Kabla ya kufunika angalia chini ya paa la godauni namba 2. La kwangu lina mjusi amehamia tangu mfungo, nimemtoa mara tatu, saizi nimemwandikia kadi ya tisa.